Mwanafunzi aliyesoma Mudimbe aseme anavyoona

Kwenye vyuo vikuu vyetu, mwalimu akiomba mwanafunzi aandike mawazo yake juu ya kitabu, mara nyingi anapokea muhtasari ulionakiliwa, pengine ulionunuliwa kwenye duka la fotokopi. Tuchukue The Invention of Africa, kitabu cha V.Y. Mudimbe cha mwaka 1988. Kinauliza ni nani waliotengeneza maarifa juu ya Afrika: wamisionari, wakoloni, wanaantropolojia wa Ulaya. Mudimbe mwenyewe alizaliwa Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, kwa jina la Mbelgiji Jean Jadot. Kijana wa Likasi akimaliza kitabu hicho bila kuandika neno juu ya mji wake, amesoma nini? Lakini kosa si lake peke yake. Kuna walimu wanaokata pointi mwanafunzi akiandika «mimi naona». Tunawaomba waache hilo kabla ya kusahihisha kazi za mwaka huu.