Afya Nyumbani: Fizi Zitokazo Damu Wakati wa Kiangazi



Mvua zimetuaga, na asubuhi za Juni na Julai zimetujia kama zijavyo kila mwaka: ukungu juu ya bonde la Luama, umande uloweshao miguu ya watoto waendao shule, na wazee waliojifunika mablanketi kando ya moto mpaka jua lichomoze. Mtu asiyeijua nchi yetu hudhani kwamba Kongo yote ni joto tu. Na aje alale Kabambare usiku mmoja wa Julai!

Juma lililopita nilimwita mtoto wa darasa la tano asome kwa sauti. Akasoma, lakini kinywa chake alikifunika kwa kiganja. Nilipomwuliza sababu alijibu, "Mwalimu, baridi inakula meno yangu." Wenzake hawakumcheka, wengi walitikisa vichwa kukubaliana naye, nikatambua kwamba ndivyo wasikiavyo nyumbani. Nikamwambia afungue kinywa. Meno yalikuwa mazima yote, ila fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba, na penye meno ya mbele palikuwa na damu kidogo. Akaniambia kwamba ameacha kupiga mswaki tangu mvua zilipokoma, kwanza kwa kuwa maji ya asubuhi ni baridi mno, pili kwa kuwa kila apigapo mswaki damu hutoka, na mama yake amemwonya asizichokoze fizi mpaka zipone.

Mama huyo ampenda mwanawe, wala simlaumu. Lakini shauri hilo ndilo linalozidisha ugonjwa, nami naomba tulitazame pamoja.

Baridi haili jino. Jino limevikwa gamba gumu kupita mfupa, na chini yake imo nyama hai yenye mishipa ya fahamu. Gamba likiwa zima, maji ya baridi hayana njia. Lakini likiwa limetoboka, au ufizi ukiwa umerudi nyuma hata shina la jino likaonekana, baridi hupenya na kuuchoma mshipa. Kwa hiyo yule aonaye maumivu makali anywapo maji ya asubuhi asiyalaumu maji. Tundu lilikuwamo tangu masika, ila hakulijua.

Na damu ya fizi, je? Hiyo yatokana na ukoga, yaani ule utando laini ugandao juu ya meno mtu asipoyasafisha. Ndani ya ukoga huishi vijidudu visivyohesabika. Vikikaa siku nyingi penye mpaka wa jino na ufizi, ufizi huvimba na kuwa mwepesi wa kutoka damu. Mtu aonapo damu huogopa na kuacha mswaki. Ukoga huongezeka, na damu nayo huongezeka. Amezungushiwa kamba bila kujua. Yapasa afanye kinyume: asafishe kwa upole, asubuhi na kabla ya kulala, hata kama damu yatoka siku za kwanza. Kwa kawaida baada ya juma moja au mawili fizi hukaza na damu hukoma. Isipokoma, na aende kwa mganga, maana pengine kuna ugaga mgumu usioondoka kwa mswaki, au ugonjwa mwingine mwilini. Akina mama wajawazito huona damu hiyo mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Nao pia wasiache mswaki.

Hapa petu Kabambare aliwahi kukaa mtu aliyejua vema taabu ya meno. David Livingstone alifika mwaka 1869 katika mji huu, ambao yeye aliuandika Bambarre, na mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimfunga humo kwa miezi mingi. Katika safari zake meno yake yalikuwa yamevunjika na kulegea kwa kutafuna mahindi magumu, hata akamwandikia binti yake barua akiutania ubaya wa kinywa chake. Yeye mwenyewe alikuwa mganga aliyesoma, lakini nani angemtibu? Sisi tuna hospitali, naam, lakini waganga wa meno katika Maniema ni wachache sana, na njia zetu mwazijua. Tundu la jino ambalo mtu wa mjini huzibiwa kwa saa moja, kwetu huishia kwenye koleo.

Sasa kiangazi hutudhuru kwa njia gani? Nimekwisha kutaja maji ya baridi. Dawa yake ni nyepesi: mtieni mtoto maji ya vuguvugu katika kikombe, kwa kuwa moto wa asubuhi umekwisha kuwashwa. Tena siku hizi za vumbi na mafua watu wengi hulala kinywa wazi kwa sababu pua zimeziba. Mate hukauka, na mate ndiyo yaoshayo meno usiku na mchana. Tena mtu asiyetoka jasho husahau kunywa maji. Badala yake hunywa chai, na chai yetu, tuseme kweli, ni sukari iliyotiwa majani. Kikombe kimoja pamoja na chakula hakina neno kubwa. Lakini yule akaaye na birika kando ya moto toka alfajiri mpaka adhuhuri, akionja kila saa, huvilisha vijidudu vyake kila saa. Sukari ikaayo kinywani mara nyingi ndiyo itoboayo meno, hata ikiwa kidogo. Vivyo hivyo wale vijana waliokwenda kutafuta dhahabu upande wa Namoya, ambako mara nyingi biskuti na soda hupatikana upesi kuliko mboga.

Na mboga zenyewe hupungua mashamba yakikauka. Sombe haikosekani, namshukuru Mungu, nayo ina nguvu nyingi. Lakini majani ya mihogo hupondwa na kuchemshwa muda mrefu, na ni lazima, ili sumu yake itoke; basi ile vitamini iitwayo C, ambayo fizi zaihitaji sana, huharibika kwa moto. Yatupasa kuitafuta katika matunda mabichi: pera, papai, chungwa, ndimu iliyokamuliwa juu ya chakula. Pera moja lina vitamini hiyo kuliko chungwa, nasi twawaachia ndege! Ila msifyonze ndimu tupu mchana kutwa, maana ukali wake hulainisha gamba la jino.

Kuhusu mswaki, wengine huniambia, "Mwalimu, mswaki wa dukani ni ghali." Kijiti kilichotafunwa ncha hata kikawa kama brashi chafaa, mradi ni cha mti usio na sumu ambao wazee wanaujua. Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo wameishika desturi hii kwa uaminifu kabla ya sala zao, na sioni haya kusema kwamba katika jambo hili wametutangulia. Apataye dawa ya meno yenye floridi na aitumie, maana yalikaza gamba. Kwa mtoto mdogo tia kiasi kidogo tu, naye ateme. Msitumie mchanga wala unga wa tofali. Huleta weupe kwa kulila gamba.

Na aumwaye jino asitie ndani yake maji ya betri wala petroli, wala asiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, maana huunguza nyama. Uvimbe wa shavu pamoja na homa, au taya lisilofunguka, si jambo la kungojea Jumapili ipite. Usaha wa jino waweza kushuka shingoni na kumziba mtu pumzi. Mtakatifu Apolonia, aliyevunjwa meno na wapagani wa Aleksandria mwaka 249, huombwa na wenye maumivu ya meno, na sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Mwombeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Nimeyasema hayo yote kwa haraka kidogo, kwa sababu liko moja lililonisukuma kuandika juma hili. Baada ya Misa mama mmoja alinijia na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Mtoto alikuwa ametoka kuugua surua. Vipele vilikuwa vimekwisha, lakini alikataa kula, udende ulimtiririka, na pumzi yake ilinuka vibaya. Ndani ya kinywa, juu ya ufizi, palikuwa na kidonda cha rangi ya kijivu. Jirani walikuwa wamemwambia mama kwamba ni baridi tu, apakwe mafuta ya mawese na kungojewa.

Akina mama na akina baba, sikieni. Uko ugonjwa uitwao noma. Huwashika hasa watoto wa miaka 2 mpaka 6 wasiokula vizuri, na mara nyingi hufuata surua au malaria, mwili ukiwa umechoka. Huanza katika ufizi kama kidonda kidogo chenye damu na harufu mbaya. Kisha shavu huvimba. Kisha, kwa siku chache tu, nyama ya shavu huwa nyeusi na kuoza, hata mifupa na meno huonekana. Wasiotibiwa, wengi mno hufa, na Shirika la Afya Duniani husema hata watoto 90 katika kila 100. Wanaopona hubaki na uso ulioharibika. Wengine hawawezi kula wala kusema vizuri, na watu huwaficha ndani ya nyumba kana kwamba wamelaaniwa. Si laana, wala si uchawi, wala hauambukizi. Ulaya iliujua ugonjwa huu pia, ukapungua chakula kilipoongezeka. Nao ulirudi katika makambi ya mateso ya Auschwitz na Bergen-Belsen, walikofungwa watu kwa njaa. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika hilo liliuandika miongoni mwa magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto.

Mwanzoni kabisa noma huzuiliwa kwa dawa ambazo hospitali huwa nazo: dawa za kuua vijidudu, kuoshwa kinywa, na chakula cha nguvu. Shavu likisha kuwa jeusi, dawa hizo haziwezi kulirudisha. Tofauti ya hayo mawili ni siku chache tu.

Surua yenyewe yakingika. Kasongo yetu ina jina katika habari hii. Katika miaka ya 1970 waganga wa hapa, pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, waliwachanja watoto wa Kasongo na kuwafuata, na mwaka 1981 waliandika katika gazeti la kiganga The Lancet wakiuliza swali gumu: je, mtoto aliyeokolewa na surua huishi kweli, au dhaifu huyo huchukuliwa baadaye na ugonjwa mwingine? Uchunguzi uliofuata katika Guinea-Bissau na Bangladesh ulijibu kwamba waliochanjwa huishi, tena kwa wingi kuliko ilivyotazamiwa. Hata hivyo katika maradhi makubwa yaliyoanza mwaka 2019 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo. Chanjo ya kwanza hutolewa mtoto afikishapo miezi 9. Mwulizeni mganga juu ya ile ya pili, nanyi mliokimbia vijiji vyenu kwa ajili ya vita msiseme kadi imepotea. Nendeni hivyo hivyo.

Mama yule nilimwambia aondoke siku ileile. Alitaka kwanza kurudi nyumbani kupika. Tukamtafutia pikipiki. Kwa wale ambao kituo cha afya kiko mbali, fanyeni hivi njiani: chemsheni maji, yakiwa vuguvugu tieni nusu ya kijiko kidogo cha chumvi katika glasi moja, mwosheni mtoto kinywa taratibu kwa kitambaa safi kilicholowa, mara nne au tano kwa siku, wala msikikwangue kidonda. Mpeni uji mwembamba wa mahindi uliotiwa karanga zilizosagwa laini, usio moto, kidogo kidogo hata akilia. Na mkifika, msiseme tu kwamba mtoto ana homa. Mwambieni mganga autazame ufizi.