Bei chee haifuti wajibu

Mkazi wa Tunduma hahitaji kuelekezwa zilipo bidhaa za bei ya kutupa. Hupangwa mlangoni mwa duka, juu ya katoni zilizopinduliwa: biskuti, juisi za boksi, maziwa ya unga, mafuta ya kupikia, samaki wa kopo, tambi. Bei imeshuka hadi nusu au chini yake, na anayeuliza sababu huambiwa kwamba mzigo umelala. Upo mzigo uliobakiza wiki kadhaa kabla ya tarehe yake ya mwisho. Kuushusha bei ili uondoke mapema ni biashara halali, na kwa familia yenye kipato kidogo ni nafuu ya kweli. Upo pia mzigo ambao tarehe yake imeshapita. Gazeti hili linazungumzia huo wa pili, na linasema bila kuzunguka: hakuna bei, hata ikiwa ndogo kiasi gani, inayompa mfanyabiashara ruhusa ya kumuuzia mtu chakula kilichoisha muda wa matumizi.

Kila jambo hili linapoibuka, wito hutolewa kwa wananchi wawe makini, wasome tarehe kabla ya kununua. Wito huo una maana yake, na hatuupingi. Tunachopinga ni namna ulivyogeuzwa kichaka cha kujificha wenye wajibu. Muuzaji akikamatwa husema mteja aliona mwenyewe tarehe akaridhika. Ofisa akiulizwa hujibu kwamba elimu imetolewa. Na jirani humalizia kwa methali kwamba rahisi ni ghali, kana kwamba mama aliyeingia dukani na shilingi chache kutafuta maziwa ya mtoto ndiye mkosaji wa kwanza. Katika mlolongo mzima, kuanzia mwagizaji hadi kikombe cha mtoto, mama huyo ndiye mwenye taarifa chache kuliko wote na fedha chache kuliko wote. Kumbebesha yeye kazi ya ukaguzi ni dhuluma.

Sheria za nchi hazikuanzia kwake. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ilikataza kuuza chakula kisichofaa kuliwa na binadamu, na katazo hilo lilielekezwa kwa anayeuza. Julai 1, 2019, kwa mabadiliko yaliyoletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka huo, usimamizi wa usalama wa chakula ulitoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ambayo sasa ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ukaenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Ofisi ilibadilika na nembo ikabadilika. Katazo lilibaki palepale. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inamtambua afisa afya wa halmashauri na kumpa nguvu ya kuingia na kukagua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayefanya biashara ya kitu akiuze kikiwa kinafaa kwa kazi yake. Kwa hiyo lile bango la ukutani linalosema mali ikishauzwa hairudishwi halina uwezo wa kuhalalisha kopo la samaki lililopita muda. Muuzaji anayelielekezea kidole anamtisha mteja kwa karatasi isiyo na nguvu.

Kwa nini tunaizungumzia Tunduma hasa? Kwa sababu ya mahali ulipo mji huu. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, pamoja na reli ya TAZARA, vyote vinapita hapa kabla ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Shehena hufika baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 900, nyingine ikiwa imeshakaa bandarini na kwenye maghala. Foleni ya malori ni sehemu ya maisha ya mji kiasi kwamba watoto wanaijua kama wanavyoijua njia ya shule. Kituo cha Pamoja cha Forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu kilikusudiwa kupunguza kusubiri huko, na lengo hilo lina uhusiano wa moja kwa moja na chakula: kila siku ambayo katoni inakaa barabarani ni siku moja iliyokatwa kutoka kwenye muda wake wa kuuzika.

Zaidi ya hapo, upande wa pili wa mpaka uko hatua chache tu. Watu wa Tunduma na Nakonde huvuka kununua na kuuza, shilingi na kwacha zinabadilishana mkono kwa mkono, na njia za panya ni nyingi kuliko walinzi. Shehena iliyokataliwa upande mmoja ina wepesi wa kuonekana upande mwingine. Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko wa listeria uliotokana na nyama ya kusindika aina ya poloni. Watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walipoteza maisha. Chanzo kilipotangazwa Machi 2018, nchi za ukanda huu, Zambia ikiwamo, zilizuia bidhaa hizo. Nyama ile tatizo lake halikuwa tarehe. Tunaikumbusha kwa sababu ilionyesha jinsi chakula kilichozalishwa kusini kabisa mwa bara kinavyoweza kuwa hofu ya miji ya mpakani ndani ya wiki moja, na jinsi mji kama huu usivyoweza kusubiri mkaguzi atoke mbali kila mara hatari inapotajwa.

Lakini hatari kubwa zaidi haipo kwenye katoni yenye tarehe iliyopita. Hiyo angalau inasomeka. Hatari kubwa ipo kwenye vya kupima.

Sehemu kubwa ya wananchi wa mkoa huu hawanunui chakula katika pakiti yake. Wananunua mafuta ya kupima kwa kibaba, sukari robo, maziwa ya unga ya kijiko yaliyofungwa kwenye kifuko cha nailoni, tambi zilizogawanywa mafungu. Ndoo ya mafuta inafunguliwa, mfuko wa maziwa unapasuliwa, na palepale tarehe inabaki kwenye ndoo na kwenye mfuko. Kinachomfikia mlaji hakina jina la kiwanda, wala namba ya toleo, wala siku ya mwisho ya kutumika. Mfanyabiashara mwenye mzigo uliokwisha muda hahitaji kufuta maandishi kwa kemikali wala kubandika lebo mpya juu ya ile ya zamani, ingawa hilo nalo hufanyika. Anachohitaji ni mkasi na kilo moja ya vifuko. Baada ya hapo ule ushauri wa kusoma tarehe hauna kazi, kwa kuwa hakuna cha kusoma.

Anayenunua hivyo ni nani? Ni mwenye kipato cha siku kwa siku, mama lishe anayepika kwenye foleni ya malori, wakati mwingine mzabuni wa shule anayetafuta kubana gharama, na dereva aliyekwama siku kadhaa akisubiri kuvuka. Yaani wale ambao ugonjwa wa siku tatu unawaondolea pato la wiki nzima. Tungekuwa na mkaguzi mmoja tu na siku moja tu ya kukagua, tungemwelekeza aanzie kwenye kaunta za kupima, na supamaketi zenye rafu zinazong'aa zisubiri.

Wapo wanaosema tunakuza mambo, kwamba tarehe ni makadirio na biskuti haiwi sumu usiku wa manane. Hoja hii tunaipa heshima yake, maana ina ukweli ndani yake. Viwango vya kimataifa vya Codex, vilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, vinatofautisha tarehe ya ubora, ambayo ikipita chakula kinaweza kupungua ladha au ulaini, na tarehe ya usalama, ambayo ikipita chakula hakitakiwi kuuzwa wala kuliwa. Nchini Denmark, mjini Copenhagen, lilifunguliwa mwaka 2016 duka linalouza kwa punguzo chakula kilichopita tarehe ya ubora, kwa uwazi na kwa idhini ya sheria. Ufaransa mwaka huohuo ilizikataza supamaketi kubwa kuharibu chakula ambacho bado kinalika, ikazitaka zikitoe kwa mashirika ya misaada. Hizo ni njia za kuheshimu chakula, na siku moja nchi yetu ijadili kama inazitaka.

Ila kule muuzaji hatangulii sheria. Duka linatangaza linachouza, mnunuzi anajua anachokinunua, na mkaguzi anajua mlango wa kugonga. Hapa mfanyabiashara anajipa mwenyewe mamlaka ya kuamua kwamba tarehe ya kiwanda ni makadirio, huku akiwa hajui mzigo ulikaa wapi na katika joto gani. Tarehe iliyochapishwa kiwandani huchukulia kwamba bidhaa itahifadhiwa kama kiwanda kilivyoagiza. Kontena lililoshinda juani Chalinze, kisha likakaa chini ya turubai, halikufuata agizo hilo, na tarehe yake ya kweli huenda ilipita kabla ya ile iliyoandikwa. Kopo likivimba, uvimbe huo mara nyingi ni gesi ya vijidudu, na miongoni mwao wapo wanaoleta sumu ya botulini inayopooza misuli ya kupumua. Mafuta yaliyochacha yanatambulika kwa harufu, lakini yakikaangiwa vitunguu na viungo harufu hiyo hufichika. Na maziwa ya mtoto mchanga hayana mjadala wowote: virutubisho vyake hupungua kadiri muda unavyokwenda, na mtoto anayeyategemea hana chakula kingine cha kufidia. Yeyote anayemuuzia mzazi maziwa hayo baada ya muda wake, akijua, amefanya ukatili.

Tunajua pia kwamba mfanyabiashara mdogo naye mara nyingi ameuziwa tatizo la mwingine. Msambazaji mkubwa mwenye mzigo unaokaribia mwisho huushusha kwa wingi katika miji ya mbali, kwa bei inayovutia, bila makubaliano ya kuurudisha. Mwenye duka la rejareja Tunduma au Vwawa anabaki na katoni 40 na wiki sita. Akiziteketeza, hasara ni yake peke yake, pamoja na gharama za usafiri na usimamizi wa kuteketeza. Basi anajaribiwa. Hatumsafishi, lakini mlolongo unaanzia kwa aliyemuuzia, na ni haki risiti ya EFD ifuatwe nyuma hadi kwake. Wafanyabiashara kupitia jumuiya zao wakatae kupokea mzigo wenye muda mfupi usio na mkataba wa kurudishwa. Huo ni uamuzi wao, hauhitaji amri ya serikali, na wauchukue sasa.

Halafu linakuja suala la kile kinachokamatwa. Jirani zetu wa Kenya walipata fundisho zito. Sukari iliyoingizwa mwaka 2018, mifuko 20,000, ilitangazwa kutofaa kwa matumizi ya binadamu na ikapangwa igeuzwe kuwa spiriti ya viwandani. Mei 2023 ilibainika kwamba imetolewa ghalani na kuingizwa sokoni, na maofisa 27 wa umma, wakiwamo wa mamlaka ya viwango na wa mapato, wakasimamishwa kazi. Mzigo ule ulishakaguliwa na kukataliwa, na bado ukapata njia ya kufika mezani, kwa sababu kati ya kukataliwa na kuteketezwa kulikuwa na miaka, ghala na mikono mingi. Hakuna sababu ya kuamini kwamba mkoa wa mpakani hauwezi kukutwa na jambo kama hilo.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo, na tunayadai kwa ofisi zilizopo, bila kusubiri chombo kipya. TBS iwe na ukaguzi wa sokoni unaofanyika Tunduma mwaka mzima, bila taarifa kwa wenye maduka, maana ukaguzi unaotangazwa huhamisha katoni kutoka rafuni kwenda stoo ya nyuma na kuzirudisha jioni. Halmashauri ya Mji wa Tunduma iwape maafisa afya wa kata usafiri na vitendea kazi. Huwezi kumtaka mtu mmoja azunguke kata nzima kwa miguu kisha ukamlaumu kwa kilichomponyoka. Kila anayeuza chakula cha kupima alazimishwe kubakiza chombo cha asili, chenye lebo na tarehe, mbele ya macho ya mteja hadi punje ya mwisho iuzwe. Bidhaa za punguzo zinazokaribia muda wake zikae kwenye rafu yake, zikiwa na bango linaloonyesha tarehe kwa herufi kubwa kama zinazoonyesha bei.

Kinachokamatwa kihesabiwe na kuandikwa mbele ya mwenye mali, kiteketezwe ndani ya siku zinazohesabika, mbele ya mashahidi wakiwamo viongozi wa mtaa, na taarifa ibandikwe kwenye ubao wa halmashauri ikionyesha aina, kiasi na duka. Mfanyabiashara anayejitokeza mwenyewe kusalimisha mzigo uliokwisha muda apunguziwe gharama za kuuteketeza. Anayekutwa akifuta au kubadilisha tarehe afungiwe na kushtakiwa, kwa kuwa huyo ameamua. Na afisa atakayeingia dukani, akaukuta mzigo huo, akatoka na bahasha badala ya katoni, asihamishiwe kituo kingine. Apelekwe mahakamani.