Mganga si mchawi: Mipaka ya kuazima utamaduni wa Kusini katika michezo ya mezani

RONDO, Lindi

Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika hauhitaji vitu vingi. Watu wanne au watano huketi na karatasi, kalamu na dadu. Mmoja wao huwa msimulizi. Waliobaki hujitwalia nafsi za kubuni, huyu mpiganaji, yule mwenye nguvu za miujiza, na kisa husonga kadiri wanavyoamua na dadu inavyoanguka.

Tangu mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani, sehemu kubwa ya visa hivyo imechotwa katika ngome na hadithi za Ulaya. Hata hivyo, watunzi wamekuwa wakigeukia pia Afrika, na pwani ya Kusini mwa Tanzania haikusahauliwa. Mwaka 2018 mchezo wa kompyuta wa Civilization VI ulimwezesha mchezaji kujijengea Kilwa Kisiwani.

Kuazima Kilwa hakuna utata mkubwa. Magofu yake, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni ya kutazamwa na kila mgeni. Utata unaanza mtu anapoiacha bahari na kupanda uwanda wa juu wa Rondo, magharibi mwa mji wa Lindi. Kwa Wamwera na jirani zao Wamakonde, Wamakua na Wayao, urithi mzito zaidi hauko katika mawe. Uko katika jando na unyago, katika mizimu ya ukoo na katika kazi ya mganga, na sehemu ya urithi huo haitajwi mbele ya asiyehusika.

Neno moja, hatari mbili

Mfano wa karibu ni kitabu cha Nyambe: African Adventures, kilichotungwa na Christopher Dolunt na kutolewa Marekani mwaka 2002. Kilikuwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo ya kuipa Afrika nafasi kamili katika michezo hiyo, na kwa hilo kinastahili sifa. Ndani yake, hata hivyo, yamo maneno ya Kiswahili kama mchawi na kitunusi, pepo wa majini anayeogopwa pwani, pamoja na n'anga wa Washona na tikoloshe wa kusini mwa bara, yote katika nchi moja ya kubuni.

Kwa mchezaji wa mbali, mchawi ni jina la kuandika kwenye karatasi ya mhusika. Kwa msomaji wa Kiswahili neno hilo ni shutuma. Sheria ya Uchawi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza ingali katika vitabu vya Tanzania, na vikongwe wameuawa, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu tu jirani alilitamka jina hilo. Mganga hutibu, na mchawi hudhuru. Anayewachanganya wawili hao anarudia kosa la zamani.

Kosa hilo linakumbukwa Kusini. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kaskazini mwa Kilwa, alikuwa mganga aliyewaunganisha watu kwa dawa ya maji. Maandishi ya Wajerumani yaliwaweka watu wa aina yake katika kundi la wachawi, naye akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vya Majimaji vilifika hadi kwa Wamwera, na misheni ya Nyangao, chini ya uwanda wa Rondo, ikachomwa mwaka huohuo. Wanahistoria wengine wanakadiria kuwa waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa na Wajerumani kuteketeza mashamba na akiba za chakula, walifika 250,000 hadi 300,000. Mtunzi atakayeyageuza maji hayo kuwa kinga ya pointi kadhaa dhidi ya risasi atakuwa ameibakiza dawa na kuwafuta wafu.

Waliowahi kuazima

Wapo wanaodai kuwa masharti mengi yatawatisha watunzi, na Afrika itaachwa nje ya meza kama zamani. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini Kusini kwenyewe kuna ushahidi kwamba kuazima kwa heshima kunawezekana.

Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando. Alilifanyia marekebisho likawa la Kikristo, akisaidiana na mapadri na walimu wenyeji waliojua lipi liguswe na lipi liachwe. Unyago ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa hayo ni mafunzo ya wanawake na mwanamume hana kauli ndani yake. Rondo, ambako kanisa hilo lina Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Cyprian, ni sehemu ya historia hiyo. Marekebisho hayo yalikuwa na wapinzani, tena Lucas alikuwa na lengo la kubadili dini za watu. Lakini hakuazima bila wenyeji kuwapo.

Mfano wa pili ni wa Ebrahim Hussein, mwandishi wa pwani hiyohiyo. Katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, alimtahadharisha msomaji kwamba mhusika wake asichukuliwe kuwa ndiye mtu wa historia. Alijipa uhuru wa kubuni, na papo hapo akawaachia wafu ukweli wao.

Mtunzi wa michezo anaweza kuyafuata yote mawili. Ngoma za kuwapokea wari wanaotoka jandoni huchezwa hadharani, na zinaweza kuingia mchezoni. Anachofundisha nyakanga ndani ya kumbi hakiingii, hata kama kiliwahi kuchapishwa na mgeni fulani. Desturi ya Wamwera iitwe ya Wamwera, isiitwe ya Kiafrika tu. Pale mtunzi anapobuni, abuni na jina pia.

Na kabla kitabu hakijapelekwa kiwandani, kisomwe na mtu wa Lindi aliye na mamlaka ya kusema neno fulani liondolewe, na alipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa mchoraji wa picha. Sharti hilo halimzuii mtu kucheza. Linampa mwenye utamaduni kiti mezani kabla dadu haijarushwa.