Picha ya mteja usiionyeshe kama ilivyokuja

Sisi watengenezaji wa tovuti hubishana sana: picha za watumiaji zikae ndani ya hifadhidata au kwenye folda ya seva? Mimi naona swali kubwa ni jingine. Je, mgeni wa tovuti anaonyeshwa faili gani?

Tuseme mama mmoja wa Msambweni anapiga picha ya leso barazani kwake, anaipandisha kwenye tovuti ya kuuzia. Kama kamera ya simu imeruhusiwa kurekodi mahali, faili ile ya JPEG hubeba latitudo na longitudo za nyumba yake, katika sehemu iitwayo EXIF. Yeyote akiishusha aweza kufika mlangoni. Si hadithi hii: Desemba 2012 jarida la Vice lilitoa picha ya John McAfee akiwa mafichoni, na EXIF ikafichua kwamba yuko Guatemala.

Dawa ni rahisi. Faili asilia iweke nje ya folda inayofikiwa na umma, au uifute kama huihitaji. Tengeneza nakala yenye upana wa pikseli 800 hivi, iliyoondolewa EXIF. Hiyo ndiyo ya kuonyesha. Ila kwanza izungushe kama EXIF inavyoelekeza, la sivyo picha italala ubavu. Tena mnunuzi wa Diani hatamaliza bando lake kwa megabaiti 4 za leso moja.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataja data ya mahali miongoni mwa vitambulisho vya mtu. Mama yule hajui EXIF, wala si kazi yake kuijua. Ni yetu. Mwaonaje wenzangu?