Je, Njaa Ni Ridhaa?

Wasomaji wetu, wako watu wenye elimu wasemao hivi: “Msiwasikitikie mno washonaji wa viwanda vya nchi maskini. Ujira ni mdogo, kweli. Lakini hakuna aliyewakamata kwa nguvu. Wameichagua kazi wenyewe, na afadhali kazi hiyo kuliko njaa.” Maneno hayo yana sura ya hekima, basi na tuyapime.

Huko Savar, karibu na mji wa Dhaka katika nchi ya Bangladesh, palikuwa na jumba la ghorofa nane, jina lake Rana Plaza. Ghorofa zake za juu zilijengwa bila ruhusa ya halali. Chini mlikuwa na maduka na benki. Juu mlikuwa na viwanda, ambamo maelfu ya watu, wengi wao wanawake, walishona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Tarehe 23 Aprili 2013 jumba lilionekana lina nyufa, watu wakatolewa nje. Kesho yake benki na maduka yalifungwa. Lakini washonaji waliitwa kazini, na waliosita wakatishwa kwamba watanyimwa mshahara. Asubuhi ile ile jumba likaanguka, likaua watu 1,134.

Twauliza: jumba lilikuwa moja, na nyufa zilikuwa zile zile. Mbona karani wa benki alikuwa nje, na mshonaji alikuwa ndani? Je, mshonaji alipenda kufa? Hasha! Karani aliambiwa akae mbali. Mshonaji aliambiwa aingie, au akose fedha yake. Kima cha chini cha mshahara wake siku zile kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, na mtu wa mshahara huo hana akiba ya kumwezesha kukataa. Huko si kuchagua, ni kusukumwa.

Hatusemi viwanda vifungwe. Wanawake wengi wa Bangladesh hupata riziki humo, na kuwafungia ni kuwaongezea dhiki. Twasema hivi: mwenye njaa akikubali ujira mdogo, hajakubali kuuawa. Wala usalama si jambo lisilowezekana. Mwaka ule ule wa 2013, baada ya msiba, makampuni yanunuayo nguo yalifanya mapatano na vyama vya wafanyakazi. Wakaguzi wakaingia katika viwanda zaidi ya 1,000, wakaamuru kasoro zirekebishwe, na kazi ya kushona haikukoma. Lililowezekana baada ya mazishi liliwezekana kabla yake.

Tena jambo hili si la mbali nasi. Kati ya mitumba tuvaayo zimo nguo zilizoshonwa Bangladesh. Na sisi wenyewe huajiri watu. Yuko kibarua anayeteremshwa katika shimo la mchanga, hali ukingo wake umekwisha kupasuka, tukiulizwa, twajibu, “Amekubali mwenyewe.” Kabla ya kutamka neno hilo, yatupasa kujiuliza kama tungemteremsha humo mtoto wetu wa kumzaa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.