Maji ya Beseni na Maji ya Bahari



Mwezi huu nataka kurekebisha kosa langu. Zamani niliwafundisha wanafunzi wangu ya kwamba maji yakishuka katika tundu la beseni, kaskazini ya Istiwai, yaani Ikweta, huzunguka upande mmoja, na kusini yake huzunguka upande wa pili, kwa sababu ya mzunguko wa dunia. Habari hiyo niliipata kwa msafiri aliyepita Nanyuki, nchini Kenya, mahali mstari huo unapopita. Huko wako wawaonyeshao wageni beseni lenye tundu na kijiti kinachoelea: hatua chache kaskazini kijiti chazunguka huku, hatua chache kusini chazunguka kule. Nami nikaipokea, nikaifundisha, wala sikuipima.

Mtoto mmoja akaenda kuipima kwao. Akarudi akaniambia, "Maalim, beseni letu halijui sheria hii. Mara yazunguka kuume, mara kushoto." Nikanyamaza, kisha nikaanza kutafuta.

Basi ukweli ni huu. Dunia yajizungusha kuelekea mashariki. Aliyeko Istiwai huchukuliwa nayo kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa; aliyeko nyuzi 60 kaskazini, nusu ya mwendo huo; na penye ncha ya dunia, mwendo huo haupo. Kitu kikitoka Istiwai kwenda kaskazini huenda na mwendo wake wa kwanza, kikaitangulia ardhi ya huko, nacho huonekana kupinda kuume. Kusini ya Istiwai hupinda kushoto. Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis aliziandika hesabu za jambo hili mwaka 1835.

Bahari kuu huitii sheria hii. Katika safari yake ya mwaka 1893 hata 1896, Fridtjof Nansen wa Norway aliona barafu ya bahari ya kaskazini haiendi sawasawa na upepo, bali yapinda kuume. Mwaka 1905 Vagn Walfrid Ekman akaeleza sababu yake kwa hesabu. Na jirani zetu wa pwani ya Somalia wayaona matokeo yake: kusi ikivuma sambamba na pwani kwenda kaskazini mashariki, maji ya juu hupinda kuume, yakaiacha pwani. Maji baridi ya chini hupanda kushika mahali pake, yakaleta rutuba ambayo ndiyo asili ya chakula cha samaki.

Lakini beseni ni dogo mno, na maji yake hutoka kwa muda mfupi mno. Nguvu hiyo humo ni dhaifu hata hushindwa na mkono wa aliyeyamimina, au umbo la chombo. Na penye Istiwai penyewe, nguvu ya kuyapindisha maji kuume au kushoto haipo. Hatua chache huku na huku haziongezi kitu. Kinachokizungusha kijiti ni namna maji yalivyomiminwa na chombo kilivyogeuzwa.

Mwaka 1962, huko Massachusetts, Marekani, Ascher Shapiro alijaza maji chombo chenye upana wa futi 6, akayaacha yatulie saa 24, kisha akafungua tundu dogo la chini. Kwa zaidi ya dakika 10 hakikuonekana kitu. Ndipo maji yakazunguka polepole kinyume cha akrabu za saa. Mwaka 1965 wengine wakajaribu Sydney, Australia, nayo yakazunguka upande wa pili. Kwa hiyo sheria ni ya kweli, lakini yataka utulivu mkubwa ndipo ionekane.

Enyi vijana, chukueni beseni nyumbani, mjaribu mara kumi, mwandike mlichokiona. Nanyi wazazi, mtoto akisema, "Nimejaribu, sikuona hivyo," msimkemee. Mwalimu akikosea asirejee, kosa lake huzaa makosa. Yule mtoto ndiye aliyenifundisha, nami namshukuru.

Tukutane mwezi ujao, Inshallah.