Ligi Kuu ibaki na timu 16

Kila Ligi Kuu Bara inapofika ukingoni na timu za mkiani zikaanza kupiga hesabu za kubaki, hoja ile ile hurudi vijiweni: kwa nini timu zisiongezwe? Nchi ni kubwa, mikoa ni mingi, vipaji vimejaa. Timu 16 zinatosha nini?

Ni hoja tamu kuisikia. Ila Tanzania ilishaijaribu, na majibu yake yanajulikana.

Msimu wa 2018/19 ligi ilipanda kutoka timu 16 hadi 20. Kila timu ikalazimika kucheza mechi 38 badala ya 30, tena katika msimu ambao ligi haikuwa na mdhamini mkuu. Simba nayo ilikuwa inapambana Afrika hadi ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ilikotolewa na TP Mazembe. Huku nyumbani viporo vikarundikana. Msimamo ukawa hausomeki, maana huyu kacheza mechi nyingi, yule ana viporo kibao, na shabiki hajui nani anaongoza kweli.

Baada ya misimu miwili tu, safari ya kurudi nyuma ikaanza. Msimu wa 2020/21 timu zikawa 18, na 2021/22 zikarudi 16. Aliyelipa gharama ya kurudi huko ni mnyonge. Mwaka 2021 ziliteremka timu nne kwa mpigo, Gwambina, JKT Tanzania, Ihefu na Mwadui, huku zikipanda mbili pekee, Geita Gold na Mbeya Kwanza. Simba na Yanga hazikuguswa. Waliobomolewa vikosi ni wale wale ambao nyongeza ilidaiwa kuwasaidia.

Sasa zipigwe hesabu za ratiba. Mwaka una wikiendi 52. Toa nane za mapumziko ya wachezaji na maandalizi, toa angalau nne za timu za taifa, zinabaki 40. Ligi ya timu 20 inameza 38. Zimebaki mbili. Hapo Kombe la Shirikisho la TFF halijaguswa, na klabu inayoanzia raundi za awali za Caf mpaka kumaliza makundi inacheza mechi 10. Ikifika fainali, kama Yanga ilivyofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2022/23, zinakuwa nyingi zaidi. Mechi za katikati ya wiki haziwezi kukwepeka, lakini zinataka viwanja vyenye taa na safari za haraka, vitu ambavyo klabu nyingi za mikoani hazina.

Kwa timu 16, ligi inachukua raundi 30. Kuna nafasi ya kupumua, na mechi ikiahirishwa kuna pa kuiweka.

Halafu kuna nauli. Wanaotaka timu ziongezwe husema klabu za mikoani zitapata mechi nyingi za nyumbani, hivyo mapato yatapanda. Mechi zipi hizo? Mlango unaojaa mikoani ni siku Simba au Yanga inapokuja. Ligi iwe na timu 16, iwe na 20, Simba itakuja mara moja na Yanga mara moja. Kila timu mbili zinazoongezwa humpa mwenyeji mechi mbili zaidi za nyumbani dhidi ya wageni ambao hata mashabiki wao hawawezi kusafiri, na safari mbili zaidi za ugenini. Timu ya Kagera kwenda kucheza Lindi ni zaidi ya kilomita 1,500 kwenda tu. Basi linataka mafuta, wachezaji wanataka kula na kulala, na kuna posho.

Fedha za televisheni nazo hazikui kwa sababu timu zimeongezeka. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021, wa miaka 10 na thamani ya Sh225.6 bilioni, ulikuwa hatua kubwa. Lakini fungu lile lile likigawiwa sawa kwa timu 20 badala ya 16, kila moja inapoteza moja ya tano ya mgawo wake. Klabu ambayo tayari inasuasua kwenye mishahara itaitoa wapi pengo hilo?

Kenya nako kuna somo. Mwaka 2017 ligi yao ilipandishwa kutoka timu 16 hadi 18 katikati ya mvutano wa shirikisho na kampuni iliyokuwa inaendesha ligi. SuperSport, waliokuwa wakirusha mechi, wakavunja mkataba mwaka huo huo. Timu zikawa nyingi, hela zikawa chache.

Wapo pia wanaotaka idadi ipunguzwe hadi 14, kama ilivyokuwa Azam FC ilipobeba ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi. Ligi ile ilikuwa na mechi 26 tu. Kwa kijana anayetafuta namba, hizo ni chache mno.

Hoja ya mikoa kukosa nafasi ina ukweli, isipuuzwe. Dawa yake ni kuiboresha Championship, na kuulinda mchujo unaozikutanisha timu za Ligi Kuu na za Championship. Ihefu iliyoshuka 2021 ilirudi yenyewe uwanjani, na Novemba 2022 ikaifunga Yanga 2-1 kule Mbarali na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Haikuhitaji kuongezewa kiti mezani.

TFF na Bodi ya Ligi wana kazi mbili. Ya kwanza, watamke wazi kuwa idadi itabaki 16, na kwamba ikilazimika kubadilishwa, klabu zitaambiwa misimu miwili kabla, si ligi ikiwa njiani. Ya pili, wakomeshe pangua pangua ya ratiba, kwa sababu hata timu 16 zitaonekana nyingi kama mechi inasogezwa kila mkubwa akiomba.

Atakayekuja na hoja ya kuongeza timu, asianze kwa kutaja mikoa. Aweke mezani kalenda yenye tarehe zote, na jina la mdhamini atakayelipa mafuta ya basi.